Chupa Tano Dirishani

Asubuhi ile ukungu ulipanda kutoka baharini ukafika mpaka mtaa wa Glenwood, ukajibandika kwenye dirisha la kliniki kama mtu anayechungulia. Jacinta alizipanga chupa tano kwenye kizingiti, akarudi kitini, akaziangalia.

Zilikuwa chupa ndogo za kioo cha kahawia, zilizorudishwa karibuni na mama watano. Kila moja ilikuwa na namba na jina la mtoto, na ndani mafuta yaliyobaki. Mwanga ulipopita, mafuta yakaonekana kama mstari mmoja wa asali, umenyooka kutoka chupa ya kwanza mpaka ya tano, kama bahari ukiiangalia kutoka mbali. Ilikuwa nzuri kuiangalia. Lakini kuna kitu pale kilimsumbua, na kila akikaribia kukishika, kinateleza.

Ndege hadida walipita juu ya paa wakilalamika. Halafu kukawa kimya.

Jacinta alikuwa nesi zamani, Nairobi. Siku hizi utafiti wa dawa ukiharibika, yeye ndiye anaitwa kutafuta umeharibikia wapi. Kliniki hii ilikuwa inajaribu mafuta ya bangi kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa nyingine. Si bangi ya kuvuta. Mafuta haya yameondolewa kile kitu kinacholevya, yamepimwa, yametiwa ladha ya stroberi. Nusu ya watoto wanapewa mafuta yenye dawa. Nusu wanapewa mafuta matupu, rangi ileile, ladha ileile. Mama hajui mtoto wake anakunywa yapi. Daktari pia hajui. Mwishoni ndipo siri inafunguliwa, na ndipo watu wanaweza kusema kwa haki kama dawa hii ni salama kwa mtoto, na kwa kiasi gani.

Jacinta peke yake alikuwa na bahasha ya siri, mkobani. Aliifungua jana. Tangu jana hajapata usingizi.

Kulikuwa na watoto wawili ambao hesabu zao zilikataa.

Wa kwanza ni Cathy, miaka saba. Kabla ya mafuta alikuwa anaanguka mara thelathini kwa wiki. Mwezi wa pili akashuka mpaka mara nne. Sasa amerudi ishirini. Bahasha inasema chupa yake ina dawa. Lakini damu yake inaonyesha nusu tu ya dawa iliyotakiwa kuwemo.

Wa pili ni Prodige, miaka minne. Bahasha inasema chupa yake ni tupu. Lakini damu yake ina dawa. Tena ina dawa nyingi kuliko ya Cathy.

Mlango ukafunguka taratibu. Daktari Philip, mkuu wa utafiti, aliingia na vikombe viwili vya chai.

"Umelala hapa?"

"Sijalala popote."

Alimpa kikombe kimoja, akasimama mbele ya dirisha. Alikuwa mrefu, na ukungu nyuma yake ulimfanya aonekane kama amechorwa na penseli.

"Kamati ya usalama inakaa saa kumi jioni," alisema. "Nikikosa maelezo, wanafunga utafiti."

"Na mafuta?"

"Yanakusanywa leoleo. Watoto wote. Nani atakubali kumpa mtoto chupa ambayo hajui imefanywa nini?" Alikunywa chai kidogo. "Mama Cathy amenipigia saa moja. Msichana ameanguka mara tatu kabla hajavaa sare ya shule. Sijui chupa yake ina nini, Jacinta, na sikuulizi. Lakini kama ina dawa, na tukiikata ghafla..."

Jacinta aliangalia viatu vyake. Hata uso wake siku hizi ulikuwa sehemu ya bahasha; Philip angeweza kuisoma siri pale.

"Nipe mpaka saa tisa," alisema.

* * *

Chumba cha dawa kilikuwa mwisho wa korido. Billy, anayetunza dawa, alikuwa amekaa kwenye stuli akifuta mizani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Sister Jacinta, najua umekuja kuniuliza kama nauza."

"Unauza?"

"Ningekuwa nauza ningekuwa na viatu hivi?" Alinyoosha mguu. Soli ilikuwa imefungwa na gundi.

"Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Moja." Aliitoa shingoni. Ilikuwa kwenye uzi, pamoja na msalaba mdogo. "Nalala nayo. Mke wangu anasema inamchoma."

"Nionyeshe unavyompa mama chupa."

Billy alisimama, na uso wake ukatulia, kama mtu aliyeombwa kuimba wimbo anaoujua. Alitoa chupa mpya. Chini ya kifuniko kulikuwa na pete ya plastiki. Ukifungua mara ya kwanza, pete inakatika, na huwezi kuirudisha.

"Nampa mama imefungwa. Anaikata pete hapa, mbele yangu. Natia sahihi, anatia sahihi. Baada ya wiki nne anarudisha iliyobaki, nampa nyingine."

"Kuna pete hata moja iliwahi kuja imekatika?"

"Hata moja. Angalia kitabu."

Aliangalia kitabu. Sahihi zilikuwa zote, wiki baada ya wiki. Basi chupa zilitoka hapa zikiwa sawa, na zilirudi zikiwa zimeharibika. Chochote kilichotokea, kilitokea huko nje, mikononi mwa mama.

"Wakina mama wanaongea nini pale kwenye benchi?" aliuliza.

Billy alishusha sauti ingawa hakukuwa na mtu. "Kuna jamaa Berea ana duka la simu. Ezéchiel. Wanasema ana mafuta ya dagga, bangi ya mtaani, chini ya kaunta. Kama mama ameona ya kwetu hayafanyi kazi, si ataongeza ya kwake?"

Ilikuwa na maana. Mama ana chupa tupu, mtoto hapati nafuu, anakwenda kununua. Damu ya Prodige ingeeleweka. Jacinta aliandika jina la Ezéchiel mkononi, kama mwanafunzi, akatoka.

* * *

Alipanda kwenda Berea kwa miguu. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua usiku kucha na barabara ilikuwa ya zambarau, laini, haina sauti chini ya kiatu. Magari yalitokea kwenye ukungu na taa zake, yakapotea. Kwenye robot, taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu alisimama peke yake, na kwa dakika moja hakukumbuka anakwenda wapi. Alikuwa anafikiria ule mstari wa asali.

Duka la Ezéchiel lilikuwa dogo kama kabati. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia simu iliyopasuka, na taa kichwani.

"Mama, karibu. Screen ama chaji?"

"Mafuta."

Taa ya kichwani ikainuka, ikamwangalia. "Mafuta ya kupikia iko kwa Mhindi pale kona."

"Mimi si polisi. Natoka kliniki ya watoto."

"Aa, bon." Alizima taa. "Mimi siuzi mafuta. Unanunua cover ya simu, mafuta nakupatia zawadi."

"Zawadi hiyo, Mama Nimbona aliipata? Ana mtoto anaitwa Prodige."

Ezéchiel alishika kifua kama aliyepigwa. "Mtoto? Batoto hapana! Hii ni ya wazee ya magoti. Na hata ningetaka. Mama Constance wa salon alikuja hapa, mikono kiunoni, akaniambia nikimpa hata mmoja wa bamama wake, atavunja kioo cha duka. Nikauliza, na nini? Akasema, na kichwa chako."

"Nionyeshe."

Alisita, kisha akatoa kichupa. Mafuta yalikuwa ya kijani kama maji ya majani yaliyochemshwa, na harufu ilijaza duka zima. Jacinta alitoa karatasi ya maabara mkobani. Alikuwa ameisoma mara nyingi, lakini sasa alitafuta mstari mmoja tu. Kile kitu kinacholevya, katika damu ya Prodige: hakuna kabisa.

Haya ya Ezéchiel yalikuwa yamejaa hicho kitu. Prodige hakuwahi kuyaonja. Dawa iliyokuwa kwenye damu yake ilikuwa safi, imepimwa, ya stroberi. Ilitoka kliniki.

Tena mafuta ya kuongeza yangeeleza Prodige, lakini yasingemweleza Cathy. Cathy hakuongezewa kitu. Cathy alipunguziwa.

"Huyo Mama Constance," alisema, "bamama wake ni nani?"

"Wale wa kliniki yako. Watano. Kila Jumatatu, juu ya Jumatatu hakuna watu wa kusuka, wanaleta batoto pale salon, wanafunga mlango. Saa nzima. Mi nafikiri wanaomba." Aliwasha tena taa ya kichwani. "Leo ni Jumatatu, mama."

* * *

Pazia la salon lilikuwa limefungwa. Jacinta alibisha, na mwanamke mpana, mwenye kitana kimechomekwa kwenye nywele, akafungua kidogo.

"Leo hatusuki."

"Mama Constance, mimi ni Jacinta wa kliniki."

Constance alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akatulia hasa kwenye nywele. "Na wewe kweli unahitaji kusukwa," alisema, akamfungulia.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Madraya ya nywele yalikuwa yamesimama mstari ukutani, vichwa vyao vikubwa vimeinama, kama watu waliosinzia kanisani. Chini yao kulikuwa na godoro. Kwenye godoro alilala mtoto mdogo wa kiume, mdomo wazi kidogo, kiganja chini ya shavu. Wengine wanne walikaa kwenye mkeka. Mama watano wa utafiti walikuwa wameizunguka sufuria.

Alimjua Élisabeth, mama yake Cathy, kwa vile alivyokuwa haondoi macho kwa binti yake. Cathy alikuwa na miguu mirefu na goti lenye plasta. Mwembamba pembeni, aliyekaa karibu na godoro, alikuwa Nimbona, Mrundi, mama yake Prodige.

"Kaa, dada," alisema Élisabeth. "Kula kwanza. Maswali yatakuja."

Constance alikuwa anapakua. Kila mama alikuwa ameleta alichokuwa nacho: mmoja unga, mmoja sombe, mwingine samaki wawili. Vyote vilikuwa vimeingia sufuria moja. Sasa aliweka sahani tano za watoto chini na kupakua bugali, kijiko kwa kijiko. Akiona moja imezidi, anachota kidogo, anaongeza pale palipopungua. Alikuwa makini kama Billy na mizani yake. Mwisho vilima vitano vilikuwa sawa kabisa.

Jacinta aliziangalia zile sahani. Polepole, kama mtu anayeamka, akaona chupa.

Chupa tano dirishani. Mstari umenyooka.

Usingeweza kunyooka. Kliniki inapima dawa kwa kilo. Mtoto mkubwa anakunywa mengi, mdogo anakunywa machache. Baada ya wiki nne, kila chupa inatakiwa kubaki na kiasi chake, moja juu, moja chini. Hakuna namna watoto watano wenye miili mitano wanabakiza mafuta sawa mpaka tone.

"Mama Constance," alisema, "Cathy ana kilo ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Na Prodige?"

"Kumi na tatu."

"Na sahani zao ni sawa."

"Hapa hatupimi batoto," alisema Constance. "Tunawalisha."

Wengine wakacheka. Na katikati ya kicheko kile, Cathy akaenda.

Ndivyo walivyosema, "Ameenda," kwa sauti ndogo, kama mtu ametoka nje kidogo tu. Kijiko kilianguka. Élisabeth alikuwa ameshamdaka kabla kichwa hakijafika chini, akamlaza ubavu, akaweka kanga chini ya shavu. Mikono ya msichana ilirukaruka. Wale mama wakaanza kuhesabu pamoja, taratibu, karibu kama kuimba. Moja. Mbili. Tatu. Watoto wengine walihesabu nao bila kuacha kula. Walipofika hamsini na moja, mikono ililegea, na Cathy akafungua macho, akaangalia dari kwa mshangao.

"Amerudi," walisema wote.

Constance alichukua daftari la shule juu ya draya, akaandika saa na namba.

Lakini Jacinta alikuwa anaangalia godoro. Kijiko kimeanguka, watu tisa wamehesabu kwa sauti, na Prodige hajatikisika. Alipiga magoti.

"Prodige."

Hakuna kitu. Alibonyeza ukucha wa kidole chake kidogo. Mtoto alifungua macho nusu, akatabasamu kwa kitu kilichokuwa mbali sana, akafunga.

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu jana jioni," alisema Nimbona. "Amechoka tu. Siku hizi analala vizuri."

"Mama Prodige, huyu halali vizuri. Kinga yake ya kukohoa inalala, pumzi yake inalala." Alikuwa ameshatoa simu. "Daktari Philip? Tuma gari salon ya Constance, Berea. Sasa hivi. Prodige haamki." Akageukia wale mama. "Mimi sikuja kumfunga mtu. Nina swali moja, na huyu mtoto hana muda. Anakunywa nini?"

Constance alifungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Élisabeth. Cathy alikuwa bado mapajani pake. "Si Constance. Mimi."

"Sema."

"Wiki ya nane tulikuwa hapa, kama leo. Cathy wangu alikuwa anaimba. Alikuwa hajaanguka siku tatu. Prodige alianguka mara sita mbele ya sahani yangu. Mara sita, dada, na mimi na kijiko mkononi. Kliniki walituambia tangu mwanzo, kuna chupa iko na dawa, kuna chupa iko bure. Walisema hakuna anayejua. Siku ile mimi nikajua. Yangu njo iko na dawa. Ningemeza namna gani?"

"Mkafanya nini?"

"Tulileta chupa zote. Tukamwaga kwa jagi moja."

"Jagi la nini?"

"La rangi ya nywele," alisema Constance. "Jipya! Nililiosha na maji ya moto mara tatu."

"Tukakoroga, tukagawa sawasawa," alisema Élisabeth. "Na kila mtoto sindano moja ya plastiki, ile ya kunywesha, imejaa, asubuhi na jioni. Wote sawa. Vile tunakula."

Nimbona alikuwa ameshika mguu wa mwanawe. "Wiki ya kwanza alikaa siku mbili bila kuanguka. Nilikuwa naamka usiku kumsikiliza. Nilifikiri amekufa, vile alitulia."

Jacinta aliona picha yote sasa. Chupa tatu zenye dawa na mbili tupu, zimekuwa maji mamoja. Cathy amepata nusu ya dawa yake. Prodige amepata sindano ileile ya Cathy katika mwili ambao ni nusu ya wa Cathy. Na kulikuwa na kitu kimoja zaidi.

"Kidonge chake cha jioni, cha kifafa, bado mnampa?"

"Kila siku," alisema Nimbona.

"Hicho na mafuta havikai pamoja hivihivi. Mafuta yanazuia mwili kukitoa kile kidonge. Kinajaa ndani, siku baada ya siku. Daktari akiambiwa mtoto anasinzia, anapunguza kidonge, hata bila kujua chupa ina nini. Lakini daktari hakuambiwa. Alifikiri Prodige anakunywa kiasi alichompimia."

Nimbona hakulia. Aliweka tu sikio kwenye kifua cha mtoto, akabaki hivyo.

"Na Cathy alipoanza kuanguka tena," Jacinta alimuuliza Élisabeth, "hukuona?"

"Niliona."

"Ishirini kwa wiki."

"Hiyo namba naijua, dada. Mimi njo nahesabu." Alipangusa mate kwenye kidevu cha binti yake. "Kila asubuhi nasema, leo nitachukua chupa yangu peke yangu. Halafu namwona Nimbona anacheka. Ulishamwona anacheka? Basi."

Nje gari lilipiga honi mara mbili. Constance alimbeba Prodige mwenyewe, kwenye bega, kama mzigo wa mayai. Mlangoni Jacinta alisimama.

"Lile daftari juu ya draya. Mmeandika kila kuanguka?"

"Kila moja," alisema Constance. "Mtoto, saa, hesabu. Fomu ya kliniki tulikuwa tunapunguza kidogo. Tuliogopa wataona mambo mabaya na kututoa. Daftari hatulidanganyi, ni letu."

"Niazime."

Constance alilishika kifuani kwa muda, kisha akatoa.

* * *

Saa nane na nusu ukungu uliondoka, na jua likaingia kliniki kwa mteremko, polepole. Prodige alilala chini ya mashine iliyokuwa inahesabu pumzi zake kwa mlio mdogo. Kidonge cha jioni kilisimamishwa, na daktari akakaa kando ya kitanda. Hawakufanya kitu kingine zaidi ya kungoja, na Nimbona hakukaa hata mara moja.

Saa tisa na dakika kumi Prodige alifungua macho yote mawili.

"Sahani yangu iko wapi?" alisema.

Nimbona ndipo akalia.

Saa kumi Jacinta na Philip walikaa mbele ya kompyuta. Sura tatu zilitokea, wanakamati, kila mmoja kwenye chumba chake. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

Jacinta alieleza kwa mpangilio. Pete za Billy hazikukatika, kwa hiyo dawa haikuibwa kliniki. Damu ya Prodige haina kile kitu kinacholevya, kwa hiyo mafuta hayakutoka mtaani. Chupa tano zilirudi na mafuta sawa, kwa hiyo ziligawanywa kwa jicho, si kwa kilo. Halafu aliinua daftari mbele ya kamera na kusoma kurasa mbili. Wiki ya nane, jagi. Kuanzia hapo Cathy anapanda, Prodige anashuka, kisha Prodige anaanza kulala.

"Dawa haijashindwa," alisema. "Ilipunguzwa, na mtoto akaanguka. Iliongezwa bila kupimwa, na mtoto mwingine akalala mpaka karibu kumpoteza. Hilo ndilo tulikuwa tunatafuta kujua. Wao wamelijua kwa njia mbaya."

"Waliambiwa wasichanganye," alisema mwenyekiti.

"Waliambiwa. Karatasi yetu ya kukubali ina kurasa kumi na nane. Tumewauliza mzio, mimba, mkojo. Hatukuwauliza kama wanajuana. Hatukuuliza kama wanakula pamoja."

Mwenyekiti alivua miwani. "Nani alianzisha? Mama wa yule mdogo?"

"Hapana. Mama wa yule aliyekuwa anapona."

Ulisikika mlio wa mashine ya Prodige kutoka ng'ambo ya ukuta, ng'a, ng'a, kama ndege mdogo.

"Tupeni dakika ishirini," alisema mwenyekiti, na sura zikazimika.

Ziliporudi, alisoma bila kuinua macho. Watoto watano wanatolewa kwenye hesabu ya utafiti, kwa sababu hesabu yao imeharibika na haiwezi kuponywa. Kliniki itatafuta watano wengine, na itaanza nao upya. Siri ya hawa watano inafunguliwa leo. Mafuta hayakatwi. Kila mmoja atapewa yenye dawa, waziwazi, kwa kilo zake, na kupimwa damu kila wiki. Cathy atapandishwa taratibu mpaka kiasi chake cha zamani. Prodige ataanza na kiasi kidogo siku daktari atakaporidhika na kile kidonge. Na jagi lile litarudi kwenye rangi ya nywele.

"Liandikwe hivyo?" aliuliza Philip.

"Hivyohivyo," alisema mwenyekiti.

Philip alikaa muda mrefu baada ya skrini kuzimika. Watoto watano, miezi minne ya kazi, vyote vimepotea. Halafu akakunja mikono ya shati na kwenda kuwaambia.

* * *

Jua lilikuwa limeshuka kwenye dirisha la Jacinta wakati Billy alipoleta chupa mpya. Mbili tu zilikuwa zimejazwa mpaka sasa, moja ya Cathy, moja ya Prodige ambayo ingengoja kabatini. Alizipanga kizingitini ili gundi ya majina ikauke. Mwanga ulipita. Asali moja ilikuwa juu, nyingine chini.

Élisabeth aliingia na Cathy kwa mkono. Aliona, akasimama.

"Juu ya nini ya Prodige iko kidogo?"

"Kwa sababu Prodige ni mdogo," alisema Jacinta.

"Haifanani."

"Haifanani."

Élisabeth aliinama mpaka macho yake yakawa usawa wa chupa, mkono mmoja bado umemshika binti yake. Aliangalia ile ya juu, akaangalia ile ya chini. Alirudia tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu.

"Lakini zote iko na dawa? Unaniapia?"

Jacinta alitoa bahasha mkobani. Sasa haikuwa siri ya mtu. Alimpa aisome mwenyewe, akamwonyesha jina na namba, na chini yake uamuzi wa leo, wote wapewe yenye dawa, wenye saini.

Élisabeth alisoma polepole, kwa kidole. Alipomaliza, Billy alimsogezea kitabu atie sahihi, akamwonyesha chupa ya Cathy kizingitini. Hakuigusa. Alitoka mpaka mlangoni, akaita koridoni, huko Nimbona alikuwa amekaa na mwanawe mapajani.

"Mama Prodige! Njoo uone ya kwako kwanza."

Na ya Cathy ikabaki pale dirishani kwenye jua, pete yake haijakatwa, mpaka Nimbona alipofika.